Injini Mseto na Msingi wa Kuaminiwa

Injini mseto ni injini moja iliyojengwa kwa viungo vya injini mbili au zaidi ambazo kiwanda hakikuzikusudia zikutane. Haihusiani na magari yanayotumia petroli pamoja na betri. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa magari madogo ya Honda, hasa Civic na Integra, ambayo tangu miaka ya 1990 wapenzi wa mbio Marekani na Japani wamekuwa wakiyaongezea nguvu kwa kuchukua bloku ya injini moja na kuivika silinda hedi ya nyingine. Bloku hutoka kwenye Integra ya kawaida ya lita 1.8, injini inayoitwa B18B, au kwenye CR-V ya kizazi cha kwanza, yenye B20B ya lita 2. Hedi hutoka, kwa mfano, kwenye B16A, injini ya lita 1.6 iliyotolewa mwaka 1989 ikiwa ya kwanza kubeba mfumo wa VTEC. Zao lake ni injini yenye ujazo wa ile kubwa na pumzi ya ile ndogo kali, kwa gharama ya chini kuliko kununua injini nzima ya Integra Type R.

Je, injini ya namna hii huaminika? Swali hili limegawa mafundi kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapo wanaoapa kwamba haimalizi hata msimu mmoja, na wapo wanaoiendesha kazini kila siku. Nusu ya swali ni ya ufundi. Nusu nyingine ni ya falsafa, na ndiyo inayofanya mabishano yasiishe: kitu kilichoungwa mara moja tu, kisicho na mwenzake, huaminiwa kwa msingi gani?

Mambo ya chuma yatangulie, kwa kuwa falsafa isiyojua oili inapita wapi haina la kusema hapa. VTEC hufanya kazi kwa shinikizo la oili. Kila jozi ya vali ina kemu tatu, mbili za mwendo wa kawaida na moja kubwa katikati. Injini inapofika mizunguko iliyopangwa, oili husukuma pini ndogo zinazofunga mikono ya roka pamoja, na vali huanza kufuata kemu kubwa: hufunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Bloku ya B18B haikutengenezwa kwa hedi inayohitaji oili hiyo. Fundi hulazimika kuichukua oili nyuma ya bloku, mahali panapokaa sensa ya shinikizo, na kuipeleka kwenye hedi kwa mpira wa nje. Tundu la oili la hedi ambalo halina mwenzake kwenye bloku huzibwa. Pini zinazoikalisha hedi sawasawa juu ya bloku nazo hazilingani, kwa hiyo matundu huchongwa upya. Kila moja ya kazi hizi ni ndogo, na kila moja ikifanywa ovyo huua injini. Mpira ukipasuka, oili humwagika barabarani kabla dereva hajatazama taa ya dashibodi. Shinikizo likipungua kwenye hedi, kemu na roka husagana kimyakimya hadi siku zitakapoanza kulia.

Jambo zito zaidi ni mwendo wa pistoni. Katika B18B pistoni husafiri milimita 89 kutoka chini hadi juu ya silinda. Katika B16A husafiri milimita 77.4. Kiwanda kiliiwekea B18B mpaka wa mizunguko 6,800 kwa dakika, na kwenye mpaka huo pistoni zake huenda kwa wastani wa mita 20.2 kwa sekunde. B16A ikizungushwa mara 8,000, pistoni zake huenda mita 20.6 kwa sekunde. Kwa hiyo injini mbili hizi, moja ya upole na nyingine ya mbio, zilichosha vyuma vyao kwa kiasi kinachokaribiana zaidi kuliko mlio wao unavyoonyesha. Hedi ya VTEC ikihamia kwenye bloku ya B18B huendelea kupumua vizuri hadi mizunguko 8,000, na dereva huufuata mlio huo. Sasa pistoni huenda mita 23.7 kwa sekunde. Nguvu inayoivuta konrodi, fimbo inayoishika pistoni, pale pistoni inapogeuka juu hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko, hivyo kutoka 6,800 hadi 8,000 huongezeka kwa karibu asilimia 38. Bolti za konrodi za B18B hazikupangiwa kazi hiyo. Zikikatika, konrodi hutoboa ukuta wa bloku.

Mwendo wenyewe si kosa. Integra Type R iliyouzwa Marekani mwaka 1997 ilitoka kiwandani na mpaka wa mizunguko 8,400, pistoni zake zikisafiri milimita 87.2. Hiyo ni mita 24.4 kwa sekunde, na injini hizo zimejijengea sifa ya kudumu. Ila bloku yake ina vinyunyizio vinavyopoza pistoni kwa oili kutoka chini, na B18B haina. Bloku ya B20B nayo ina udhaifu wake: ili kupata lita 2, silinda zilitanuliwa kutoka milimita 81 hadi 84, na kuta za slivu zikabaki nyembamba. CR-V za kizazi hicho zililetwa Kenya na Tanzania kwa wingi zikiwa magari ya mtumba kutoka Japani, na wengi wanazijua kwa uvumilivu wao. Uvumilivu huo ulipatikana katika mwendo wa gari la familia. Hauwezi kutolewa kuwa ushahidi juu ya slivu hizohizo zikiwa chini ya hedi ya mbio.

Hoja inayosikika mara nyingi gerejini ni hii: bloku ni ya Honda, hedi ni ya Honda, vyote vimepimwa kiwandani na vyote ni vizima, basi injini ni nzima. Hoja hii hukosea mara mbili. Kosa la kwanza ni la hesabu. Mtambo wenye viungo 100, kila kimoja kikiwa na uhakika wa asilimia 99 wa kumaliza safari, na ambao husimama kiungo kimoja kikishindwa, una uhakika wa chini ya asilimia 37 wa kuimaliza. Wema wa sehemu haujumlishwi, huzidishwa, na kila inapozidishwa hupungua. Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu hata hesabu hiyo huchukulia kwamba kila kiungo hufa kifo chake bila kumhusu jirani. Katika injini mseto vifo vingi hutokea mahali pa kukutania: kati ya hedi na bloku, kati ya kemu mpya na konrodi ya zamani, kati ya urefu wa vali na kichwa cha pistoni. Hedi ni nzima na bloku ni nzima. Kinachougua ni uhusiano wao, na uhusiano haukupimwa na kiwanda chochote.

Hapa linaingia swali la kale la kitu kizima na sehemu zake. Katika *Milindapañha*, kitabu cha Kibudha chenye mazungumzo ya mfalme Milinda, ambaye ni Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, mtawa Nagasena anamuuliza mfalme lipo wapi gari alilokuja nalo. Ekseli si gari, gurudumu si gari, na vipande vyote vikirundikwa pamoja bado si gari. Mfalme anakubali kwamba jina hilo husimama juu ya vitu vilivyopangwa kwa namna fulani. Aristotle alikuwa ametoa hoja ya jirani katika *Metafizikia*: silabi ni zaidi ya herufi zake, kwa kuwa herufi zikitawanyika silabi hupotea ilhali herufi zipo. Wanafikra hawa wanaachana mbali wanapofika kwenye mwisho wa hoja zao. Nagasena anataka kuonyesha kwamba hakuna nafsi iliyojificha nyuma ya sehemu. Aristotle anataka kuonyesha kwamba umbo ni kitu cha kweli. Kuhusu injini wote wawili wanatosha kuthibitisha jambo moja: mpangilio ndio unaobeba kazi, na aliyenunua sehemu bado hajanunua mpangilio.

Sheria huchukua njia fupi. Nchini Kenya na Tanzania nambari ya injini huandikwa kwenye hati ya usajili wa gari, na katika injini hizi za Honda nambari hugongwa kwenye bloku. Kwa karani, injini ni ileile hata ikibadilishwa hedi, pistoni na konrodi. Njia hiyo inafaa kwa kumkamata mwizi. Haifai kwa anayetaka kujua injini itamfikisha wapi.

Basi injini ya kiwandani huaminiwa kwa nini? Wanunuzi hawajui kuta za slivu zina unene gani wala bolti zilikazwa kwa nguvu gani. Wanaamini kwa sababu injini za namna moja zimetoka kwa maelfu, zimeendeshwa na watu wasiojuana, katika joto la Mombasa na baridi ya Hokkaido, na habari zao zinaafikiana. David Hume alionyesha mwaka 1739 kwamba hata afikiano la namna hiyo halithibitishi kesho. Linaizoesha akili kutarajia. Hata hivyo mazoea hayo yana uzito, kwani yamejengwa juu ya kundi la vitu vinavyofanana. Ondoa kundi, na tarajio hubaki halina pa kusimama.

Injini mseto haina kundi. Injini mbili zinazoitwa kwa jina moja la mseto zinaweza kutofautiana kwa gaskiti, kwa pistoni, kwa umbali kati ya vali na pistoni, kwa kompyuta inayoamua muda wa cheche, na juu ya yote kwa mikono iliyozifunga. Kuuliza kama injini za mseto hudumu ni kuuliza juu ya aina ambayo haipo. Kila moja ni aina ya peke yake, yenye mtu mmoja tu ndani ya kabila lake. Ndiyo maana mashahidi wanaopingana wanaweza wote kuwa wakweli: hawazungumzii kitu kimoja.

Tena si mashahidi wote wanaofika mahakamani. Cicero, katika kitabu chake juu ya asili ya miungu, anasimulia habari za Diagoras aliyeonyeshwa picha nyingi hekaluni za watu waliookoka baharini baada ya kuweka nadhiri. Jibu lake lilikuwa kwamba waliozama hawakuchorwa popote. Francis Bacon aliichukua hoja hiyo mwaka 1620 katika *Novum Organum* kuonyesha jinsi akili inavyopenda ushahidi unaokubaliana nayo. Injini iliyodumu huonyeshwa kwenye mikutano ya magari, boneti ikiwa wazi. Iliyokufa huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au mwenyewe huisema vibaya kwa hasira bila kutaja kwamba hakubadilisha bolti. Pande zote mbili huacha nje sehemu ya habari inayohitajika.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilitatua tatizo la sura hii karne nyingi kabla ya injini kuwepo, na mgawanyo wao unaingia hapa vizuri kuliko mwingine wowote. Habari iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka, kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana kusema uongo, huitwa mutawatir. Hiyo hukubaliwa kwa wingi wa njia zake bila kumchunguza msimulizi mmoja mmoja. Habari isiyofikia wingi huo huitwa ahad. Haitupwi, lakini haipokewi mpaka wasimulizi wake wachunguzwe: mnyororo wao usiwe umekatika, na kila mmoja awe na sifa mbili, uadilifu na udhabiti. Mwadilifu hasemi uongo. Mdhabiti huhifadhi alichokisikia na kukitoa bila kukiharibu. Msimulizi mcha Mungu mwenye kumbukumbu mbovu hukataliwa, na mwenye kumbukumbu kali asiyejali ukweli hukataliwa vilevile.

Injini ya kiwandani huaminiwa kama mutawatir. Injini mseto ni ahad, na makosa mengi juu yake hutokana na kutaka kuipokea kwa njia isiyo yake: kwa umaarufu, kwa idadi ya watu waliowahi kujenga kitu chenye jina hilohilo. Njia yake ni kumchunguza aliyeijenga. Mnyororo hapa ni asili ya viungo: bloku imetoka kwenye gari gani, ilifunguliwa na nani, iliwahi kuchemka au la. Uadilifu ni fundi kusema bolti za zamani zilirudishwa kama zilirudishwa. Udhabiti ni vipimo. Fundi mwaminifu asiye na maikromita anaweza kuapa kwa moyo safi kwamba nafasi ya beringi ni sawa, na kiapo chake kisiwe na thamani yoyote, kwa kuwa hakuna alichokipima. Katika gereji nyingi uadilifu husifiwa sana na udhabiti husahauliwa. Mteja humtafuta fundi asiyeiba spea, akimpata hudhani amemaliza. Hajamaliza.

Udhabiti huo unaonekana. Konrodi zikiwekewa bolti mpya zenye nguvu zaidi, tundu kubwa la konrodi linaweza kubadilika umbo kidogo, hivyo hupimwa na kuchongwa upya ikibidi. Hedi huwekwa kwa majaribio, vipande vya udongo laini vikiwa juu ya pistoni, injini huzungushwa kwa mkono, kisha unene wa udongo uliobanwa hupimwa ili kujua vali zinapita umbali gani kutoka kwenye pistoni. Bolti za hedi hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio na kwa hatua. Shinikizo la oili husomwa kwa geji ya kweli, injini ikiwa imepata moto. Mafuta na muda wa cheche hupangwa gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, na mpaka wa mizunguko huwekwa kulingana na konrodi zilizomo, bila kujali sifa ya hedi. Namba zote hizo zikiandikwa, injini isiyo na mwenzake huwa na kitu kinachokaribia historia. Zisipoandikwa, hata aliyeijenga hawezi kuijua baada ya mwaka.

Annette Baier, katika makala ya mwaka 1986, alitofautisha kutegemea na kuamini. Saa ikisimama, mwenyewe hukatishwa tamaa. Rafiki akivunja ahadi, mtu husalitiwa. Kwa kipimo hicho injini yoyote hutegemewa tu, kwani chuma hakina nia. Lakini tofauti hiyo hulegea mbele ya injini mseto. Kati ya dereva wa gari la kawaida na mhandisi wa kiwandani kuna taratibu, ukaguzi na dhamana, na mhandisi haonekani. Katika mseto kati ya dereva na fundi hakuna kitu. Konrodi ikitoka ubavuni mwa bloku kwa sababu bolti zilizolipiwa hazikuwekwa, aliyepata hasara amesalitiwa kwa maana kamili, na chuma kimekuwa chombo cha usaliti huo.

Wapo wanaolimaliza swali kwa kusema yote ni ya Mungu. Kwa Waislamu mlango huo ulifungwa zamani. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi juu ya mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali inamwagiza afanye yote mawili, kufunga kwanza. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika *Ihya* kwamba kuacha sababu ambazo kwa kawaida ya Mungu matokeo hufungamana nazo, kama kukataa kunyosha mkono kwa chakula kilicho mbele, ni wazimu, na tawakali haimo humo. Wakristo wana katazo lao la kumjaribu Mungu, linalofika mahali palepale. Kumwombea safari njema mwenye injini isiyopimwa ni jambo jema. Kuacha kuipima kwa sababu ya dua kunaiharibu dua.

Zaidi ya hayo, hatari ya injini haikai ndani ya gari lake. Oili ikimwagika mteremkoni humwangusha bodaboda anayefuata. Injini ikikata katikati ya kupita lori, abiria waliomo hawakuulizwa kama wanakubali majaribio. Mwenye gari ana haki ya kucheza na mali yake kwenye uwanja wa mbio akiwa amevaa kofia ya chuma. Barabarani haki hiyo hupungua, na anayebeba abiria kwa nauli hana haki hiyo kabisa mpaka injini iwe imeendeshwa muda wa kutosha, imefunguliwa na kukaguliwa tena.

Kwenye kuuza, wajibu huwa wazi zaidi. Fikihi ya Kiislamu ya biashara humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa, na injini mseto isiyotajwa kuwa mseto ni aibu iliyofichwa hata kama inafanya kazi, kwa kuwa mnunuzi anadhani amepewa mutawatir na amepewa ahad. Muuzaji anatakiwa kutaja bloku, hedi, bolti, mpaka wa mizunguko na jina la aliyeifunga, na kukabidhi karatasi ya vipimo. Asipokuwa na karatasi hiyo, hana injini inayoaminika ya kuuza, hata ingurume vizuri namna gani siku ya mauzo. Bei ya haki ya alichonacho ni bei ya bloku moja na hedi moja.